Sisimizi Waliosusa Sukari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maswali alifagia jiko la mama yake, mwoka keki. Jina hilo la utani lilimfaa msichana huyu: hata ufagio angeuhoji, laiti ungejibu.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa ametangaza kwamba jaribio bora lingepelekwa kwenye maonyesho ya shule zote. Maswali aliitamani nafasi hiyo kupita kiasi. Jioni, yeye na rafiki yake Domo walipanga vifuniko vya chupa kando ya ukuta wa jiko. Kimoja walikitia sukari, kingine makombo ya mkate, cha tatu samaki wa kukaanga.

Sisimizi walifurika kwenye samaki. Sukari hawakuigusa.

"Tumekwisha!" Domo alilalamika. "Sisimizi na sukari ni chanda na pete. Tuandike sukari tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua," Maswali alijibu. "Labda samaki yuko karibu na njia yao. Tuvibadilishe nafasi."

Walivibadilisha. Sisimizi wakaipita sukari kama hawaijui, wakamwendea samaki. Domo akashika kichwa. Maswali yeye alipiga magoti, akaufuata msururu wao polepole mpaka kwenye ufa chini ya mlango wa stoo. Subira ya mtoto huyu ilikuwa ya ajabu!

"Mama, njoo uone!"

Mama alifungua stoo, akasogeza gunia la sukari. Lilikuwa limetoboka chini, na sisimizi wamejazana.

"Alaa! Kumbe wenzetu wana karamu humu! Ahsante mwanangu, wangenimalizia gunia zima."

Kesho yake, Maswali aliposoma kwamba sisimizi walisusa sukari, darasa zima liliangua kicheko. Lakini aliendelea kusoma. Alipofika kwenye gunia, wote waliinua shingo kusikiliza.

"Walikwisha shiba sukari, wakatafuta kitoweo," mwalimu alisema kwa furaha. "Ni rahisi kuandika jibu linalotarajiwa na kila mtu. Hawa wameandika walichokiona, hata kama kingewachekesha wenzao. Mtakwenda kwenye maonyesho."

Domo aliinua mkono, uso umemshuka. "Mwalimu, mimi nilitaka tudanganye. Maswali ndiye aliyekataa."

Mwalimu alitabasamu.

"Naona ukweli nao huambukiza. Nenda naye."