Mgomba wa Placida

Haya yalimkuta dada Restuta, binti wa mama yangu mkubwa, hapa hapa Thornton Heath, huku Ulaya, nami nilikuwepo. Na msidhani mimi ni mtu wa kushtuka ovyo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, jua limetoka, tunasafisha bustani yake ya nyuma kabla ya baridi kuu. Maboga tuliyakata, maharage ya mwisho tukayachuma, mabua tukayang'oa. Ukabaki mgomba.

Haukuwahi kuzaa hata ndizi moja. Lakini Placida alipozaliwa, Restuta alikizika kitovu cha mwanawe chini yake, kama bibi yetu alivyotuzikia vyetu kwetu Bukoba. Nilimgombeza sana. Mgomba wa kwetu unajua kuishi. Huu wa Ulaya, baridi moja tu, basi. Akanicheka. Kisha, kabla ya Pasaka ya mwaka huo wa kusafisha bustani, ugonjwa wa uti wa mgongo ukamchukua Placida, meno ya utoto hata hayajang'oka yote. Restuta hakucheka tena. Aliamini mgomba ukifa, mtoto atakuwa amekufa kabisa.

Basi tukakata majani, tukaanza kulifunga shina. Mimi nilileta nyasi kavu na gunia. Yeye akaleta blanketi la Placida, juu yake nailoni, akakaza kamba.

"Legeza, dada, upate hewa. Utaoza huo."

"Baridi itapita."

Akakaza zaidi. Nikalishika shina nimsaidie. Lilikuwa na joto, kama mtoto aliyetoka kulala.

Halafu nikasikia. Kutoka ndani.

"Mama, unanibana."

Jamani! Placida alikielewa Kiswahili, lakini maisha yake yote alijibu kwa Kiingereza. Mama yake alimbembeleza, alimtishia, wapi! Leo anasema. Kiswahili safi.

"Restuta," nilinong'ona, "fungua."

Machozi yalimtiririka, mikono haikusimama. "Nikifungua atapigwa na baridi. Nimzike mara ngapi?"

"Mama. Nabanwa."

"Vumilia, mwanangu. Mpaka jua lirudi."

Akafunga fundo. Sauti ikakatika. Niliondoka pale bila hata kunawa mikono.

Mwezi wa nne tukafungua. Shina lilikuwa limeoza lote, linatoa maji meusi. Hilo nalielewa, nailoni huozesha. Lakini blanketi lilikuwa limechanwa, kutoka ndani kuja nje. Na kwenye nailoni, upande wa ndani, kulikuwa na alama za matope. Viganja vidogo. Vingi. Vimepandana hadi juu, kwenye fundo.

Restuta alipiga magoti kwenye udongo, akainama hadi mdomo ukagusa ule uozo.

"Toka, mwanangu," alinong'ona. "Mama amefungua. Toka."

Tulingoja mpaka Philemon, mumewe, akaja kutuita ndani. Hakutoka mtu.