Barua Iliyomshtaki Bwana Harusi

"Bwana Nadir, nitakuuliza mara moja tu," Madam Fauvel alisema. "Mchumba wako anavaa nikabu kwa sababu gani?"

"Si umwulize mwenyewe, mama."

"Nimeshamwuliza. Sasa nakuuliza wewe."

Nilikalia mikono yangu. Mimi ni fundi wa lifti. Nimeshaning'inia kwenye waya ghorofa ya kumi na sita huku napiga mluzi, lakini siku ile, kwenye ofisi ya ndoa ya meya wetu, shati lilinigandia mgongoni kwa jasho. Nilikwenda nikijua ni yale maswali wanayoulizwa wachumba wote: mlikutana wapi, mtaishi wapi. Hanane aliingia kwanza, peke yake, akakaa humo dakika arobaini. Alipotoka alinipita bila kunitazama. Nikajua mambo yameharibika.

"Anavaa kwa sababu anataka," nikajibu. "Alianza kabla hata hajanijua."

Madam Fauvel akanisogezea karatasi. Ilikuwa barua isiyo na jina la mwandishi, herufi kubwa kubwa za kalamu ya bluu. Ilisema kwamba mimi, mgeni kutoka Oran mwenye kibali cha kuishi cha mwaka mmoja, ndiye ninayemlazimisha Hanane Zerrouki kufunika uso. Eti kabla yangu alikuwa msichana wa kucheka na watu. Eti serikali imwokoe kabla ndoa haijafungwa.

Yule mama hakunifokea, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Alinieleza kwamba tangu sheria ya kukataza kufunika uso hadharani ianze mwaka jana, mwanamke akifunika uso barabarani anatozwa faini na yanaisha. Ila mtu anayemlazimisha mwanamke kuvaa, huyo anaweza kwenda jela mwaka mzima. Kwa hiyo barua itabidi iende kwa mwendesha mashtaka, na ndoa isimame mpaka atakapojibu.

Mwaka mzima jela, halafu ndege ya kunirudisha Oran. Nilitoka nikashuka kwenye maegesho.

Hanane alikuwa ananingoja kwenye gari langu la kazi, katikati ya spana na makopo ya grisi. Ndani ya gari alikuwa amefunua uso, lakini alipomwona askari anapita kule mbele akashusha nikabu haraka, kisha akakumbuka kwamba kushusha ndiko kosa, akaufunua tena.

Naomba niseme ukweli hapa, maana najua wapo wasomaji watakaonihukumu. Sikuwahi kumwambia Hanane avae. Mimi ndiye niliyewahi kumwomba avue. Mara ya kwanza kuuona uso wake ilikuwa sebuleni kwao, siku ya kupeleka posa, dakika ishirini tulizoruhusiwa kutazamana, baba yake akikohoa jikoni makusudi ili tujue yupo. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Wiki ya pili nikamwambia, Hanane, mimi sijali, ukitaka vua tuishi kwa amani. Akanijibu kwamba yeye hajaniomba ruhusa ya kuvaa, kwa hiyo hahitaji ruhusa ya kuvua. Nikafyata mkia.

Lakini siku ile ya barua nilirudi kule kule.

"Vua," nikamwambia. "Miezi miwili tu, mpaka tumalize ndoa. Wakikuona mtaani uso wazi, barua itakosa maana."

"Na wakiniuliza kwa nini nimevua?"

"Sema umeamua."

"Nitakuwa nimeamua nini, Nadir? Nimevaa miaka miwili, hakuna aliyenilazimisha. Leo nikivua ili wewe usifungwe, hapo ndipo utakuwa umenilazimisha kwa mara ya kwanza."

"Hanane, mimi naogopa."

"Unadhani mimi siogopi? Kila nikifungua mlango wa nyumba naogopa. Nikiona gari la polisi naogopa, nikiona kundi la walevi naogopa, na sasa nakuogopa na wewe. Washa gari."

Nikawasha. Njiani nilimtaja kila mtu niliyemshuku: mlinzi wa jengo lao, jirani anayefunga dirisha akituona, hata fundi mwenzangu niliyegombana naye. Nilipomshusha, Hanane alikuwa analia chinichini, na sikujua bado analia kwa ajili ya nani.

Asubuhi yake nikapata ujumbe:

"Namjua aliyeandika. Usimwambie mtu. Njoo kwetu kesho saa kumi."

Nikampigia papo hapo.

"Nani?"

"Nami Madam Fauvel alinionyesha barua. Ile sentensi ya kwanza uliiona? 'Kwa heshima ya mtu ambaye hajawahi kuwasumbua.' Ile ni yangu. Niliitunga nina miaka kumi, kwenye barua ya kuomba turekebishiwe bomba. Tangu hapo barua zote za nyumba hii zilianza hivyo. Niliziandika zote mimi."

"Kwa hiyo..."

"Baba amejifunza kuandika baada ya kustaafu. Hii ndiyo barua yake ya kwanza."

Akakata simu.

Mzee Lakhdar Zerrouki alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha malori, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mzungu yeyote. Tulimkuta ameshatandika meza. Chai ya mnanaa, keki za lozi, glasi tatu. Alipoona binti yake hajavua koti, akaketi mwenyewe kabla hajaambiwa aketi.

"Mbona ulinionea, mzee?" nikamwuliza. Nilikusudia kuwa mkali, sauti ikatoka ya mtoto.

"Wewe huna kosa, kijana. Nilihitaji mwanamume wa kumwandika. Mwanamke akisema nimevaa mwenyewe, hawaamini. Na mwanamke akiandikwa peke yake, anapigwa faini, anarudi nyumbani amevaa vile vile. Nilitaka wamvue kabisa."

"Ungeniambia mimi, baba," Hanane alisema.

"Nimekuambia mara ngapi?"

Kweli mzee alikuwa amemwambia mara nyingi, mpaka wakafikia kula bila kuongea.

Mzee akashika glasi ya chai, hakunywa.

"Siku ile sokoni," akasema. "Yule mtu aliyekuvuta kitambaa. Uliniambia ulikuwa peke yako. Mimi nilikuwepo, binti yangu. Nilikuwa nanunua vitunguu, hatua kumi kutoka pale. Nilimwona anavyokuvuta, nikaona watu wanacheka, na mimi nikajificha nyuma ya meza ya machungwa."

Lifti ya jengo lao ilikuwa inapanda na mlio mbaya wa breki, na mimi nikaisikiliza kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumtazama mzee.

"Nilijificha mpaka alipoondoka. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikawaza, kama siwezi kumlinda akiwa amefunikwa, basi afunuliwe, afanane na wenzake, wasimwone. Na wafanye wao kwa sheria yao, ili asinichukie mimi."

Hanane alitoa karatasi ya kujifuta machozi. Alipoongea aliongea polepole, kama anamsomea baba yake barua ya ofisini.

"Nikikaa kimya, Nadir anaweza kufungwa na kufukuzwa nchini. Nikikutaja, utashtakiwa kwa kusingizia mtu. Unataka nimtoe nani, baba?"

"Usimtoe mtu. Nitakwenda mwenyewe."

"Unaogopa hata kwenda posta."

"Naogopa sana," mzee alisema. "Niandikie tu namba ya mlango wa ile ofisi ya ndoa."

Alikwenda kesho yake amevaa tai. Alikataa nimsindikize mpaka ndani, nikabaki kwenye korido, kwenye kiti kile kile, nikisubiri polisi waje wamchukue baba mkwe wangu. Alitoka baada ya nusu saa, amekuwa mweupe kama unga. Madam Fauvel alimkemea, akamwambia kosa kama lile lina kifungo, kisha akaandika kwamba mwenye barua amejitokeza na kuifuta. Mwendesha mashtaka alijibu baada ya siku tisa. Siku tisa hizo nilipungua hadi suruali ya harusi ikanivuka.

Jibu likaja kwamba hana pingamizi.

Siku ya ndoa Hanane alivaa nguo nyeupe na nikabu nyeupe. Kwenye mlango wa ukumbi mlinzi akasema haingii mtu amefunika uso, ndiyo sheria. Hanane hakubishana. Akaufunua, akaingia, na watu sabini wakamtazama uso ambao kwa miaka miwili ulionwa na watu wa nyumbani kwake tu, na mimi. Aliona haya waziwazi, mashavu yakamwiva. Nilitamani kumkinga na koti langu.

Naibu meya, mwanamume mnene mwenye mshipi wa rangi tatu kifuani, alisoma vifungu vyake vyote. Alipofika kwenye swali lenyewe, akasita. Bila shaka alikuwa amelisoma faili.

"Bibi Zerrouki, kabla hujajibu. Kuna mtu yeyote humu anayekulazimisha?"

Mzee Lakhdar alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Hanane alitazama sakafu muda mrefu kiasi kwamba niliwaza, basi, amebadili mawazo, na ana haki.

Kisha akainua uso.

"Baba alitaka nivue," akasema. "Nadir alitaka nivue. Wewe umetaka nivue hapo mlangoni, nimevua. Hakuna hata mmoja aliyetaka nivae, isipokuwa mimi. Na huyu mwoga hapa, mashangazi zangu wote walinikataza. Hakuna aliyemtaka, isipokuwa mimi. Nakubali."

Nilipoulizwa mimi, nilikuwa bado namtazama Hanane. Ilibidi niulizwe mara ya pili, ndipo nikakubali.