Mfuko wa Koti la Kapteni

Gwenda Tolley aliutazama mkono wa koti kabla hajamtazama mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, kivukoni Portsmouth, abiria wa kutoka Gosport wakisukumana kushuka, na mbele yake amesimama ofisa mrefu wa jeshi la majini, mistari minne ya dhahabu mkononi.

"Samahani, Kapteni. Nani alikushonea? Mstari wa tatu umepinda."

Mwanamume akacheka. "Nina mabaharia mia mbili, hakuna aliyeniambia!"

"Walikuogopa. Mimi naogopa ushonaji mbovu tu."

Jina lake Alistair Venning. Koti likamfikisha kwenye duka la ushonaji la kina Gwenda, duka likawafikisha kwenye samaki na chipsi, na miezi minane ikapita hawasikii la mtu.

Alhamisi moja tarishi akaleta koti lile lile na kikaratasi: toeni mistari minne, wekeni mmoja mpana. Komodoo! Hatua moja tu chini ya maadmeri.

Gwenda akafumua. Chini ya dhahabu akakuta matundu ya sindano za zamani, ya mistari mitatu, na mengine ya cheo cha nyuma zaidi. Akayapapasa kwa kidole. Alistair alikuwa bahari gani wakati ule? Nani alimngoja gatini? Alitamani kujua yote. Kisha hasira zikampanda: mstari mpana maana yake kupangiwa kazi mbali, naye hakuambiwa neno. Alistair akapiga simu mara sita, hakupokea.

Jumamosi Alistair akaingia dukani mwenyewe, amevaa sweta lake la kijivu.

"Mpenzi, umeninunia?"

"Nani amnunie komodoo? Unakwenda wapi?"

"Bahrain. Miaka miwili."

"Na mimi nijulishwe na kikaratasi!"

"Orodha ya waliopandishwa vyeo inatoka Jumatatu. Kabla ya hapo tumekatazwa kumwambia yeyote, hata mama mzazi. Ndiyo maana nikaleta koti kwako, ujue wa kwanza." Akamkazia macho. "Kwani hukuona kilichomo mfukoni?"

"Mfuko wa mteja hatutii mkono. Sheria ya duka."

Alistair akajipiga paji la uso. "Siku mbili roho juu, nangoja jibu! Haya, mteja anakuruhusu."

Gwenda akatia mkono. Pete, na karatasi yenye maneno mawili: *Twende wote.* Machozi yakamlenga, akaivaa pete, kisha akamsogezea kiti.

"Kaa hapo ungoje. Umebaki mkono wa kushoto wa koti. Siolewi na mtu aliye komodoo upande mmoja, kapteni upande wa pili."