Jicho la Kushoto la Masizi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwanza studio ya shangazi yake, pale kwenye kona, katikati ya fundi cherehani na duka la rangi. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini hata walimu walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Nyumbani walisema hata usingizini huwa anabishana na mto.

Shangazi hakumruhusu mtu wa nyumbani kuvuka kizingiti bila kujibu kitendawili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ananikodolea macho mchana na usiku, wala hapepesi."

"Picha ya ukutani!"

"Pita, mwanangu. Ufagio unakusubiri."

Chiriku alifagia, akapangusa viti, akateremsha karatasi pana inayoning'inia nyuma ya mteja anapopigwa picha. Kisha akakaa kumtazama shangazi kazini. Shangazi alikuwa na mkono mwepesi. Mteja akija na kovu shavuni, alimgeuza kidogo tu, akaisogeza taa, na kovu likazama kivulini. "Kila uso una upande wake wa sherehe," alipenda kusema. Watu walitoka mle wakijipenda upya.

Siku hiyo, daktari wa wanyama, aliyechana nywele kufunika upara wa upande mmoja, aliingia akiwa ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwapo mbwa mkubwa, mweusi tangu puani hadi ncha ya mkia. Jicho lake la kulia liling'aa. La kushoto lilifunikwa na utando mweupe.

"Huyu ni Masizi," daktari alisema. "Banda langu la mbwa wasio na wenyewe litavunjwa. Mwisho wa mwezi gari litakuja kuwachukua waliobaki, liwapeleke kwenye kambi kubwa, mbali sana. Vijana watavumilia. Hofu yangu ni huyu mzee."

"Kwa nini yeye?" Chiriku aliuliza.

"Jicho hili halioni, binti yangu. Huko kambini mbwa wengi hugombea sahani moja. Mwenzake akimjia upande huu, Masizi hatayaona meno mpaka yamfikie." Daktari alishusha pumzi. "Nimempiga picha kwa simu nikaibandika mlangoni kwangu. Watu wanapita kama wanaopita ukuta. Nataka picha ya studio."

"Mimi napiga watu," shangazi alisema. "Mbwa sijawahi."

"Niachie mimi, shangazi! Nitampiga mimi! Tafadhali, nitampiga vizuri, utaona, nita..."

Kaka yake Chiriku, aliyeitwa Msumari kwa wembamba wake, aliinua kichwa kutoka kwenye mashine ya kuchapisha. "Wewe? Huyo mbwa ataukimbia mdomo wako kabla hajaiona kamera."

"Na wewe akikuona atadhani ni mfupa!"

Daktari alicheka hadi akashika ukuta. Shangazi akalifungua kabati, akatoa kamera yake kuukuu, akamvisha Chiriku ukanda shingoni. "Haya, nimekukabidhi. Lakini mbwa haambiwi 'tabasamu.' Jifunze."

Na kujifunza kwenyewe kulikuwa na vituko. Chiriku alimsimamisha Masizi mbele ya karatasi nyeusi, akawasha flashi, pwaa! Masizi akaingia chini ya meza na hakutoka mpaka jioni. Picha ilipotazamwa, ilikuwa giza tupu lenye ulimi.

"Hongera," Msumari alisema. "Umepiga picha ya usiku ukila nyama."

Kesho yake Chiriku alizima flashi, akateremsha karatasi ya kijivu hafifu, akaanza kuita. "Masizi! Masizi! Tazama huku, mzee wangu! Masizi!" Masizi aliinuka kwa furaha, akaja, akailamba lenzi. Akarudishwa. Akaitwa. Akaja tena, akalamba tena. Picha zote zikawa pua.

Shangazi alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Mwanangu, ukimwita mbwa atafanya nini?"

"Atakuja."

"Unataka aje?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Basi usimwite. Halafu, kitendawili!"

"Tega."

"Mdomo wake uko mbele, lakini maneno yake yako nyuma."

Chiriku alifikiri. Akamtazama Masizi, akautazama mkia wake uliobanwa katikati ya miguu. "Mbwa! Anasema kwa mkia!"

"Msikilize basi. Mkia ukiwa hivyo, anakwambia bado hajawa tayari. Hata ukipiga, utampiga mbwa mwenye hofu."

Tangu hapo Chiriku alikwenda taratibu. Alimwacha Masizi aizunguke studio, anuse taa, anuse stendi ya kamera, anuse viatu vya Msumari na kupiga chafya. Alijifunza kulala kifudifudi sakafuni, ili kamera iwe usawa wa macho ya mbwa, maana ukimpiga ukiwa umesimama anaonekana kichwa na mgongo kama meza. Aliiweka taa ubavuni badala ya mbele, na manyoya meusi yakaanza kuonyesha mawimbi yake. Alijifunza pia kwamba sauti ngeni ni kama chumvi: kibonyezo, kile kidude cha mpira kinacholia kikiminywa, kikilia mara moja, masikio yanasimama, kikilia tena na tena, mbwa anapiga mwayo.

Hatimaye mkia wa Masizi ulilegea, ukafagia sakafu. Chiriku alilala chini. Lakini kabla ya kubonyeza, alikumbuka kazi za shangazi. Akaisogeza taa, akamgeuza mbwa kidogo, jicho lenye utando likazama kivulini. Kibonyezo kikalia. Kamera ikalia.

Picha ilikuwa nzuri ajabu. Masizi alionekana mbwa wa makamo, shingo juu, jicho moja liking'aa kama tone la mafuta. Hata Msumari aliiacha mashine yake, akaja kuitazama mara ya pili.

"Na lile jicho jingine?" shangazi aliuliza.

"Nimelificha, kama unavyowafanyia wateja wako."

Shangazi alicheka, akampigapiga begani. "Mwizi wa ufundi wewe!" Picha ikachapishwa nakala kadhaa, moja ikabandikwa mlangoni kwa daktari jioni hiyohiyo, nyingine zikawekwa hapo za kuchukua.

Haikumaliza siku mbili. Muuguzi mmoja mstaafu, mama mzee aliyekaa peke yake tangu wanawe walipohama, aliingia bandani akiwa na nakala ya picha mkononi. Daktari alikuwa ndani akimshona paka. Chiriku, aliyekuja kumtembelea Masizi, ndiye aliyemtoa kwa furaha.

"Ndiye huyu!" mama mzee alisema. "Njoo, baba, njoo nikuone." Akainama, akanyoosha mkono kumpapasa shavu.

Akaunyoosha kutoka kushoto kwa Masizi.

Masizi hakuuona. Aliguswa ghafla na kitu asichokijua, akaruka, akabweka kwa ukali, meno yakakata hewa. Mama mzee alirudi nyuma akagonga ukuta. Masizi alijikunyata pembeni, akitetemeka.

"Hakukusudia, bibi! Hakukuona! Jicho hilo halioni!"

Mama mzee alitengeneza miwani yake. Aliitazama picha, akamtazama mbwa, kisha akamtazama Chiriku. "Nimefanya kazi wodini miaka yangu yote. Jicho bovu halinitishi. Ningeambiwa, ningemjia kulia, nisingemshtua maskini wa watu. Nani alipiga picha hii?"

"Mimi, bibi."

"Basi niambie. Kama jicho umelificha, nitajuaje kwamba hukuficha pia tabia ya kuuma?"

Chiriku aliinama, akamshika Masizi shingoni.

"Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Yako imeishia hapa ukutani." Akaiweka picha juu ya ndoo, akaondoka.

Chiriku aliingia studio bila kungoja kitendawili, akaketi nyuma ya karatasi akilia. Shangazi alimfuata, akaketi naye sakafuni.

"Mbona wewe unawafichia watu makovu?" Chiriku alisema kwa kwikwi. "Mbona wewe hawakuulizi?"

Shangazi alimvuta karibu. "Swali la haki. Bwana harusi akija hapa na kovu lake, nikaligeuzia kivulini, nani anadanganywa? Yeye analijua. Bibi harusi analijua, alishalibusu. Lakini mtu anayechagua mbwa kwa picha hajui lolote ila unachomwonyesha. Ukimficha jicho, umempeleka kwenye meno akiwa amefumba macho." Akampangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Nami nilicheka badala ya kukurekebisha. Kosa tumelibeba wawili, kwa hiyo tulirekebishe wawili."

"Nani atamtaka akiliona?"

"Sijui. Lakini atakayemtaka, atakuwa anamtaka yeye. Inuka. Gari halijaja bado."

Kwanza walikwenda kwa daktari. Chiriku alimweleza kila kitu mwenyewe, akaibandua picha ile mlangoni kwa mkono wake. Halafu wakarudi studio na Masizi. Safari hii kazi ilikuwa ngumu zaidi. Taa ilipoelekezwa kushoto, utando ulimeremeta, lakini Masizi, akiwa haoni upande huo, aligeuza kichwa kila mara kutafuta kilichopo. Kibonyezo kilimtia wasiwasi. Chakula kilimfanya adondoshe mate hadi karatasi ikalowa. Msumari aliyashika mabati meupe ya kurudisha mwanga mpaka mikono ikamchoka, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Chiriku aliweka kamera sakafuni. Akamjia Masizi kwa kulia, pale anapoonwa, akamkuna kifua. Polepole akasogea hadi mbele yake, akalala kifudifudi. Hakumwita jina. Alinong'ona tu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu wa darasani kwake aliyewahi kuisikia.

"Kitendawili, mzee wangu."

Masizi aliinamisha kichwa upande, masikio juu, kama mtu anayesema "tega." Macho yake mawili yakaielekea kamera, moja jeusi kama usiku, jingine jeupe kama mwezi. Mkia ukapiga sakafu, pa.

Chiriku akabonyeza.

Walipoitazama, shangazi alikwenda mlangoni. Kisha akamwita fundi cherehani aje aone, na fundi akamwita muuza rangi, na muuza rangi akasema, "Huyu mbwa ananiuliza swali."

Chini ya picha Chiriku aliandika: *Naitwa Masizi. Mimi ni mzee. Jicho langu la kushoto halioni. Nijie kulia, tutaelewana.*

Kesho yake mlango wa daktari ulijaa watu. Watoto waligombania kuisoma kwa sauti. Mwoka mikate alifika na vumbi la unga hadi kwenye nyusi, akasema, "Nimekuja kumchukua huyo mzee mwenye mwezi."

"Pole, bwana," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa yule muuguzi mstaafu, nakala ya picha mpya mkononi. "Mimi nilitangulia kumjua."

"Kumjua si kumchukua, mama."

"Amenibwekea mimi. Wewe amekubwekea?"

Watu waliangua kicheko. Daktari akasema, "Aamue mwenyewe," akamtoa Masizi. Mwoka mikate akachuchumaa, akatoa kipande cha mkate mfukoni. Mama mzee hakutoa kitu. Alizunguka taratibu, akasimama upande wa kulia, akaushusha mkono chini wazi, akangoja.

Masizi alikula mkate wote, maana uzee si ujinga. Kisha akajipangusa mdomo kwa ulimi, akaenda kuweka kidevu chake katika kiganja cha mama mzee.

"Nimeshindwa na mtu mwenye mikono mitupu!" mwoka mikate alilalamika, na watu wakapiga makofi. Lakini hakuondoka mikono mitupu yeye. Aliondoka na mbwa mdogo mwenye mguu uliopinda, ambaye alikwisha kumlamba unga wote usoni.

Mama mzee alimgeukia Chiriku. "Juzi ulinitia hofu. Leo umenipa mwenzangu. Njoo utuone Jumamosi, na uje na mdomo wako, nyumba yangu ni kimya mno."

Siku zilizobaki Chiriku aliwapiga picha mbwa wote wa bandani, kila mmoja na lake: huyu kibogoyo, huyu anaogopa radi, huyu anaiba viatu. Hakuficha hata moja. Na kila picha ilipobandikwa, kuna aliyesimama, akasoma, akacheka, akaingia ndani.

Mwisho wa mwezi gari lilikuja. Dereva aliteremka, akafungua milango ya nyuma, akachungulia bandani.

"Mbwa wako wapi?"

"Waulizie majumbani," daktari alijibu.

Dereva akajikuna kichwa, akafunga milango, akageuza gari likarudi tupu, likigongagonga kama debe. Chiriku na Msumari walilikimbiza hadi kwenye kona wakishangilia, na watoto wa mtaa nyuma yao.

Waliporudi wakihema, daktari alimshika Chiriku begani. "Nilidhani nahitaji picha za kupendeza," alisema. "Za kupendeza zilimleta mtu mara moja, akaondoka. Hizi zimewaleta wakabaki, kwa sababu kila aliyefika alimkuta yuleyule aliyemwona. Kumbuka hilo, mwanangu, utakapokuwa na studio yako. Na hata usipokuwa nayo."

"Nitakuwa nayo," Chiriku alisema, "na nitaanza na wewe. Kaa hapo, daktari. Nipe upande wenye upara."