Usipanguse Kanda za Bibi

Mwanakombo ana miguu isiyotulia. Akiketi tu, inaanza. Tap, tap, tap.

Babu naye ana mikono isiyotulia. Tangu Bibi alipofariki, Babu anapanga kanda za muziki za Bibi.

Zimejaa kabati. Zimejaa sanduku. Zimejaa hata ndoo ya kufulia!

"Babu, unatafuta nini?"

"Wimbo wako," anasema Babu. "Ule ambao Bibi alikuwekea kabla ya kulala."

Mwanakombo anaukumbuka. Tangu Bibi aondoke, miguu yake haijalala vizuri.

Toa, pangusa, panga.
Toa, pangusa, panga.

Jumatatu, Babu anapanga kwa herufi. Anaona kasha limeandikwa *Wimbo wa Kulala*. Anatia kanda kwenye redio. Klak!

Pa-ra-pa-pa! Pa-ra-pa-pa! Matarumbeta ya harusi!

"Babu, hapa hata paka halali!"

"Bibi yako huyo," anasema Babu. "Hakurudisha kanda kwenye kasha lake hata siku moja."

Jumanne, Babu anapanga kwa rangi. Wimbo haupo.

Jumatano, anapanga kwa ukubwa.

"Lakini Babu, zote zina ukubwa mmoja!"

"Naona," anasema Babu. Anaendelea kupanga.

Toa, pangusa, panga.
Toa, pangusa, panga.

Alhamisi, Mwanakombo anasaidia. Anashika kanda moja. "Babu, hii ina unga."

"Ipanguse, mjukuu wangu."

Mwanakombo haipangusi. Anaitia kwenye redio. Klak!

"Huu wa chapati! Bibi aliuimba akisukuma chapati!"

Anashika nyingine. Ina sabuni iliyokauka. Klak! "Na huu wa kufua!"

Babu ameshika kanda ya tatu. Ameinua kitambaa cha kupangusia.

"Usipanguse, Babu! Bibi alizipanga kwa kazi zake!"

Kitambaa kinasimama hewani.

"Nimeshapangusa ngapi?" anauliza Babu, polepole.

Mwanakombo anachungulia. "Ndoo nzima bado, Babu."

Babu anaweka kitambaa mbali. Mbali kabisa, juu ya kabati.

"Haya, mwalimu wangu. Bibi alifanya kazi gani kabla hujalala?"

Miguu ya Mwanakombo inacheza. Tap, tap, tap. Anafikiri. Anagusa nywele zake.

"Alinisuka! Kwa mafuta ya nazi!"

Toa, nusa, panga.
Toa, nusa, panga.

Unga. Sabuni. Iliki. Unga tena. Babu anapiga chafya. Chya!

Chini kabisa ya ndoo, kanda moja inateleza. Inanukia nazi. Juu yake kuna alama ya kidole gumba.

Babu anaitazama. Anaitazama tena.

"Tia wewe," anamwambia Mwanakombo.

Klak.

Gitaa linaanza, taratibu. La-la, lii. La-la, lii.

Nje, jua limezama. Mwanakombo anapanda kitandani. Mguu mmoja unatulia. Mguu wa pili unatulia.

"Babu," anasema kwa usingizi, "usiipanguse."

"Siipangusi."

Babu anachukua kalamu. Anaandika juu ya kasha: *Mafuta ya nazi*.

Kisha anaketi kando ya kitanda. Mikono yake imelala mapajani.

La-la, lii.
La-la, lii.