Mshipa wa Nana Ekuwa

Kila alasiri Araba alimsaidia bibi yake, Nana Ekuwa, kufunga kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, kwenye majani makavu ya mgomba. Siku hizo Nana alipumzika mara kwa mara, mkono kifuani.

Daktari Quansah wa hospitali kubwa alitaka kupiga picha ya mishipa ya moyo wake. Aliwaeleza kwamba angepitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa huko damu huzuiwa kwa urahisi na mgonjwa hukaa kitako mapema. Mshipa wa mkono ukigoma, angepitia kinena.

Kesho yake shuleni, Araba akasimulia hilo la kinena tu, tena kwa kuigiza. Darasa zima likacheka. Jioni rafiki yake Esaaba akaja kununua kenkey.

"Nana, eti utavuliwa nguo mbele ya madaktari?"

Nana alimpa Esaaba kenkey yake, akafunika sufuria. Usiku ule alimwambia mama yake Araba kwamba haendi hospitali, amepona.

Siku mbili Araba alifunga kenkey mbali na bibi yake. Siku ya tatu Nana aliinua ndoo, akaketi chini ghafla, jasho likimtoka. Alipopata nafuu, Araba akapiga magoti mbele yake.

"Nana, ni mimi niliyesema. Nilitaka kuwachekesha."

"Walikucheka wewe, au walinicheka mimi?" Nana aliuliza.

Araba aliona haya hata ya kulia.

Asubuhi Nana alikubali kwenda kumsikiliza daktari tu, na huko hospitali Araba mwenyewe akamweleza daktari kwa nini bibi alikataa. Daktari alimhakikishia Nana kwamba hata kinenani hufunikwa shuka, na huachwa wazi mahali padogo tu. Nana akakubali.

Siku ya kipimo mshipa wa mkono ulijikaza, mrija ukakwama. Ikabidi wapitie kinena. Walikuta mshipa mmoja wa moyo umebana, wakaupanua. Nana akalala chali kwa muda wa saa sita, mguu umenyooshwa ili damu isitoke, Araba akimnywesha maji kwa mrija wa kunywea.

Jumatatu, bila kuagizwa, Araba alisimama mbele ya darasa akawaeleza ukweli. Hakuna aliyecheka.

Nana alipoweza kutembea tena, alimketisha Araba kando yake.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini ningeweza kufa kwa ajili ya kicheko chenu. Mwili wa mgonjwa ni wake, mwanangu. Ukijua habari zake, umeaminiwa. Zitunze."