Mbao za Nje

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuitundika, Msasa alipita uani moja kwa moja hadi karakana ya mama yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia. Alizoa maranda akayatia guniani, akarudisha patasi mahali pake ukutani, kisha akajaza maji kwenye kibakuli cha Bosi, paka wa kahawia aliyepewa jina hilo kwa sababu hakufanya kazi yoyote lakini alikagua kila kitu. Baada ya hapo mama alimpa ubao wa kulainisha, na kwa Msasa siku ndiyo kwanza ilianza. Hata jina lake la utani lilitoka humo karakanani. Kabla hajaanza shule alizoea kumfuata mama yake huku na huku na kipande cha msasa mkononi, akisugua chochote alichokifikia, hata miguu ya meza ya chakula.

Mama yake alikuwa fundi seremala, na kazi aliyoipenda zaidi ni samani za kukaa nje. Alikuwa akisema kitu cha kushinda juani na kunyeshewa na mvua hakimsamehe fundi mvivu. Alimfundisha Msasa kuchagua mbao: ainue ncha ya ubao apime uzito, aubishie hodi kwa kidole asikilize unavyolia, auweke shavuni. Ubao mbichi ni mzito, hulia kama mtu aliyejaza chakula mdomoni, na una ubaridi. Mbao kavu zilikaa chini ya paa, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Zilizotoka kupasuliwa karibuni zilirundikwa nje, ukutani, zikingoja zamu yao.

Nyumbani walikuwa wao wawili na paka, na Msasa hakuona kilichopungua.

Kisha akaja Kimya. Alikuwa binti wa mjomba wake, wa umri wake, mwenye maneno machache na vidole virefu. Mjomba alikuwa amepata kazi ya mbali, mama akakubali kukaa na mtoto. Siku ya kwanza Kimya alisimama mlangoni mwa karakana akitazama tu, mpaka mama alipomwita na kumpa msasa na kipande cha ubao. Baadaye mama alipitisha kiganja juu ya ubao ule, taratibu, akarudia tena.

"Wewe mtoto una mkono," alisema.

Msasa aliyasikia maneno hayo kutoka upande wa pili wa meza. Yeye aliyangojea miaka kabla ya kuambiwa, na huyu ameyapata kabla hata hajajua choo kiko wapi.

Tangu siku hiyo kila kitu kilimchoma. Chai ikimiminwa, Kimya alipewa kwanza. Mama akieleza jambo, macho yake yalimwelekea Kimya. Kibaya zaidi alikuwa Bosi. Kimya alipenda kukaa kwenye kigogo karibu na mlango, na paka yule, ambaye alizoea kulala miguuni pa Msasa, alihamia mapajani pa mgeni. Msasa alimwita kwa sauti tamu. Bosi alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Labda anasikia harufu ya maziwa niliyokunywa," Kimya alisema, akitaka kumchekesha. Msasa hakucheka. Aliinama akaendelea kusugua ubao wake.

Siku moja muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani alikuja kuagiza mabenchi mawili ya kuweka uani, mahali wagonjwa wanapongojea. Akiridhika nayo, alisema, mama angetengeneza na mengine ya uwanja mzima. Mama alitengeneza miguu na fremu kwa mikono yake, akatoboa matundu ya skrubu. Lakini alikuwa pia na kazi ya milango kwenye jengo jipya mbali kidogo, akitoka asubuhi na kurudi jua likizama. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, aliwaachia wasichana benchi moja moja. Kila mmoja achague mbao za kukalia, azilainishe, azifunge, kisha apake mafuta na vanishi. Wachukue mbao za nje, aliwaambia, zile ngumu za rangi ya kahawia, wasiguse zile nyeupe laini za makabati.

Mama alipoondoka, Kimya alisimama uani akitazama lile rundo lililoegemea ukuta. Bosi alikuwa amejikunja juu yake akiota jua.

"Shangazi amesema mbao za nje," alisema. "Ndizo hizi?"

Msasa alikuwa ameshainua ubao wake wa kwanza chini ya paa. Alijua vizuri mama alichomaanisha: mbao za kazi ya nje, si mbao zilizolala nje. Sentensi moja ingetosha. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ndizo hizo."

Kimya alimshukuru, akambeba Bosi kwa uangalifu kama anayehamisha mayai, na kuanza kuchagua.

Siku zile Msasa alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alisugua kwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, akifuata nyuzi za ubao. Alifuta vumbi kwa kitambaa, akapaka mafuta membamba, akaacha yakauke, akapaka tena. Vichwa vya mbao alivinywesha zaidi, kwa maana maji huingilia huko. Kimya alimtazama na kufanya vile vile, ila mafuta yake yalichelewa kukauka na karatasi yake ya msasa ilijaa unga wa mbao haraka. Aliuliza kama ni kawaida. Msasa alisema ni kawaida.

Mama alirudi jioni ya mwisho amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliyazunguka mabenchi, yote mawili yaking'aa, akawasifu. Asubuhi iliyofuata gari lilikuja kuyachukua.

Jua kali likawaka, kisha zikapita mvua mbili tatu. Kabla ya wiki nyingi kupita, muuguzi mkuu alipiga simu. Msasa na Kimya walifuatana na mama hadi zahanati. Benchi la Msasa lilikuwa vilevile. La Kimya lilitisha. Mbao zilikuwa zimesinyaa na kupinda kama magome, vanishi imevimba malengelenge, skrubu moja imechomoka. Mwanamke mjamzito aliyekalia ubao wa mwisho alikuwa ameteleza na kuanguka. Hakuumia, alisema muuguzi, lakini angeweza kuumia. Kuhusu mabenchi mengine, angefikiria kwanza.

Mama hakujitetea. Aliinua ncha ya ubao uliopinda, akaukwaruza kwa kucha, akaelewa kuwa ulifungwa ukiwa mbichi. Walipofika karakanani alimuuliza Kimya mbao alizitoa wapi. Kimya alionyesha ukutani. Mama akauliza nani alimwonyesha.

Msasa aliinama akaanza kuokota maranda sakafuni.

"Nilichukua mwenyewe, shangazi," Kimya alisema, akitazama miguu yake.

Mama alishusha pumzi. Alisema hakasiriki, lakini kazi ya mbao za watu aiache kwanza, asaidie jikoni hadi hapo atakapofundishwa upya. Kisha akamwita Msasa wapange mbao.

Basi Msasa alipata alichokitaka: yeye na mama peke yao mezani, kama zamani. Mama alimwonyesha namna ya kunoa patasi, akamsifu. Sifa zile hazikuwa na ladha. Alizisikia kama mtu anayeitwa kwa jina lisilo lake.

Alipoingia chumbani kuchukua kanga ya mama, alimkuta Kimya anakunja nguo zake, moja moja, anazipanga mkobani. Bosi alikuwa amekaa katikati ya nguo, na Kimya alimzunguka bila kumsumbua.

"Unaenda wapi?" Msasa aliuliza.

"Bado sijaambiwa," Kimya alisema. "Ila kila ninapoachwa kwa ndugu, nikiharibu kitu huwa napelekwa kwa mwingine. Bora niwe tayari."

Msasa alikaa kitandani. "Kwa nini hukusema ni mimi?"

Kimya alikunja blauzi, akailaza. "Ulikuwa unajua, eeh? Nilidhani labda ulikosea." Akachukua nguo nyingine. "Ningesema, angemwamini nani? Na hata angeniamini, wewe ni mtoto wake. Mwenye kuondoka ningekuwa mimi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomshinda Msasa. Alitoka akarudi karakanani bila kanga. Mama alikuwa anapiga randa. Msasa alisimama mbele ya meza ili asipate nafasi ya kubadili nia, akasema yote: rundo la nje, swali la Kimya, jibu lake, mafuta yaliyokataa kukauka. Alisema pia kuhusu chai, na paka, na "wewe mtoto una mkono."

Mama aliacha randa. Akapangusa maranda mezani kwa kiganja.

"Kama yule mjamzito angeanguka vibaya," alisema, "ungesema nini leo?"

Machozi yalimtoka Msasa.

Mama aliita, na Kimya akaja. Mbele ya wote wawili mama alisema kwamba yeye naye ana kosa: alipokea kazi kwa macho bila kuinua ubao hata mmoja, na alimhukumu mtoto bila kuuliza vya kutosha. Akamwomba Kimya radhi. Kisha akamwambia arudishe nguo kabatini, kwa maana katika nyumba hii mtu akiharibu kitu anakitengeneza, haondoki.

Kesho yake walikwenda zahanati, na Msasa ndiye aliyezungumza na muuguzi mkuu. Alisema ni yeye aliyemwonyesha mwenzake mbao mbichi. Muuguzi alimtazama juu ya miwani, akasema atangoja benchi jipya, halafu ataona.

Walilitengeneza pamoja. Msasa alimwonyesha Kimya namna ya kupima uzito, kubisha hodi, kuweka ubao shavuni. Kimya aliugonga ubao wa kwanza kwa kidole, akafumba macho, akasema huu unalia wazi. Ulikuwa mkavu barabara. Msasa alihisi ule wivu ukirudi, mdogo, lakini upo, hasa Bosi alipomvuka na kwenda zake kwenye kigogo cha mlangoni.

"Yule paka anafuata jua," mama alisema bila kuinua kichwa. "Hapo mlangoni ndipo linapoingia. Keti pale uone."

Msasa aliketi. Bosi alimkalia. Kimya akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu afike.

Benchi lilipokaguliwa na kukaliwa, na muuguzi akaagiza mengine ya uwanja mzima, mama aliwaketisha wasichana wote wawili juu yake, akachuchumaa mbele yao.

"Nikimfundisha huyu, sikupunguzii wewe," alimwambia Msasa. "Mapenzi yangu si ubao, useme nikimkatia mwenzio wewe unabaki na kipande. Na sikuambii usione wivu tena, maana utauona, hata mimi huuona. Kosa si kuuona. Kosa ni kuuficha, ukautuma ukafanye kazi gizani, ukamwangusha mtu ambaye hata hukuwa na ugomvi naye. Ukikuchoma tena, njoo uniambie mimi. Usiende kuumalizia kwenye mbao za watu."